Kilio Kilichobaki Kapuni

Asubuhi ile Ghala iligoma kuwaka tena, nami nikaitukana. Si kwa hasira. Hasira sikuwa nayo, ilitolewa pamoja na vingine. Nilitukana kwa mazoea tu, kama mtu anavyoifokea televisheni.

"Mlango umeshikwa," ikaniandikia kwenye lile dirisha jeusi la amri. Basi, imemaliza. Haikusema umeshikwa na nani, haikusema nifanyeje. Programu za siku hizi zina kiburi, jamani, utadhani wewe ndiye umeajiriwa nazo.

Aliyeushika nilimjua. Alikuwa Kapu. Ghala na Kapu zote ni injini za makontena. Kontena ni chumba kidogo ndani ya kompyuta: unaweka humo programu na kila inachohitaji, unafunga, inaishi peke yake bila kugusana na wenzake. Injini ndiyo inayovijenga vyumba hivyo, inavilisha na kuvilinda. Kompyuta moja, injini moja. Hilo linafundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Mimi nilikuwa na mbili. Kapu ilikuwa yangu ya siku zote, naijua kama jiko langu. Ghala ililetwa na ofisi. Tunatengeneza programu za kupanga parachichi madaraja kwenye mabohari, na bosi alisema anayetaka kuendelea na kazi ahamie Ghala, kata maneno. Nikaiweka Ghala bila kuing'oa Kapu. Tangu hapo zikawa wake wenza: zinagombea kumbukumbu, zinagombea diski, na zaidi ya yote zinagombea mlango mmoja wa kupokelea amri. Aliyeamka kwanza anaushika, mwenzake anabaki nje analalamika.

Ingekuwa ni parachichi tu, ningezing'oa zote mbili nianze upya. Lakini ndani ya makontena yangu mlikuwa na kilio changu na kilio cha mume wangu.

"Mama Lusajo, chai ipo?"

Ambakisye, mume wangu, aliingia na mabuti yake ya tope. Tukuyu ilikuwa inanyesha, na lini hainyeshi? Ametoka kitaluni kwake kwenye miche, mikono imejaa udongo hadi viwikoni.

"Ipo kwenye chupa," nikamwambia.

Akamimina, akanywa amesimama. "Mama ameshaanza kumenya ndizi. Anasema watu watakuwa wengi Jumamosi. Wa Kyela wanakuja wote."

"Sawa."

"Vyetu viko tayari?"

"Nasafisha kompyuta leo. Vitakuwa tayari."

Akasema asante, akaosha kikombe, akakifunika. Tulikuwa tunaishi hivyo, kwa adabu sana. Mwaka mzima hatujagombana hata mara moja, na wanandoa wasiogombana hata juu ya chumvi, hebu niambie, wana nini tena?

Lusajo alikuwa mtoto wetu, wa pekee. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua alipokuwa darasa la kwanza. Baada ya mazishi tukaenda hospitali, muuguzi akatuuliza swali wanalomuuliza kila mfiwa siku hizi: mnaweka kando au mnabaki nacho? Tukasema tunaweka kando. Wanakuvisha ukanda kichwani, wanautoa uchungu wote na kukuachia kumbukumbu. Unabaki unajua kila kitu kilichotokea ila hakikugusi. Uchungu wenyewe unatiwa kwenye kontena, na lazima kontena litembee, lisizimwe, kwa sababu uchungu uliozimwa kwa wiki kadhaa unaganda, na ukirudishwa kichwani umeganda unamwangusha mtu kama degedege. Ukiachwa utembee, unalia humo ndani peke yake, unazunguka, unapungua makali. Mwaka ukiisha ukoo unakusanyika na kila aliyeweka anavaa ukanda na kurudishiwa chake. Hapo ndipo watu wanapolia kweli, pamoja, na msiba unakwisha. Zamu yetu ilikuwa Jumamosi ile.

Asiyerudisha anabaki mkavu. Mnawajua wakavu. Wanapita sokoni wananunua nyanya, wanatabasamu inapotakiwa.

Zamani kidogo hospitali zilivitunza zenyewe. Watu wakakataa. Kilio cha nyumbani kwangu kikalale kwenye mitambo ya nani? Kwa hiyo kila ukoo unatafuta mtu wake mwenye kompyuta na akili kidogo, na kwetu mtu huyo alikuwa mimi.

Nyumbani kwetu tuliulizwa watatu, na mama mkwe ndiye pekee aliyegoma. "Mimi siweki popote," alimwambia yule muuguzi. Akalia mwaka mzima bila mashine, jikoni, kanisani, kwenye foleni ya mafuta ya taa. Nikimwona analia nilikuwa namletea maji ya kunywa.

Basi Ambakisye akarudi kitaluni, nami nikasema leo ni leo, Kapu inatoka.

Vilio vyote viwili nilikuwa nimeshavihamishia Ghala. Ndivyo nilivyoamini. Hata hivyo sikuwa mjinga wa kuchoma nyumba bila kuangalia nani yuko ndani. Nikaandika amri ya kuonyesha makontena yote. Yakatokea majina mawili, moja chini ya jingine: lusajo-mama, lusajo-baba. Nikasema safi, Ghala inavyo vyote. Nikaandika amri ya kuing'oa Kapu pamoja na kila kilichomo, diski yake ifutwe na ipigwe juu, yaani iandikwe upya juu ya vya zamani visirudike tena, ili nipate nafasi.

"Una hakika?" ikauliza.

Pale ndipo mafundi wote duniani wanaposita. Lugano, tunayefanya naye kazi, akifika pale huinuka kwenye kiti, anajishika kichwa, anasoma tena amri kwa sauti. Mimi sikusita. Kitu kinachomfanya mtu asite ni hofu ya kupoteza, na hofu hiyo hutoka palepale unapotoka uchungu. Hospitali hawakuambii hilo. Nikaandika ndiyo.

Kapu ikatoka. Mlango ukawa wazi, Ghala ikawaka bila hata kukohoa. Nikaandika tena ile amri ya kuonyesha makontena yote.

Lusajo-mama. Basi.

Nikaandika tena. Lusajo-mama.

Nikaelewa nikiwa bado nimeweka vidole kwenye vitufe. Amri ni ileile kwa injini zote mbili. Anayejibu ni aliyeshika mlango. Ghala ilikuwa imegoma kuwaka, kwa hiyo aliyenijibu mara ya kwanza alikuwa Kapu. Nilikuwa nimemuuliza Kapu vilivyomo ndani yake nikadhani naongea na Ghala. Chumba changu alichonionyesha kilikuwa ganda tu nililoliacha baada ya kuhama. Cha Baba Lusajo kilikuwa chenyewe. Nikakumbuka na siku ya kuhamisha: nilimaliza changu, nikaanza chake, diski ikajaa, nikaenda kufuta picha za zamani nipate nafasi, ofisini wakanipigia simu. Sikurudi tena.

Nilikaa nikaitazama ile skrini. Sikuhisi kitu. Nilijua kwamba jambo baya sana limetokea, nililijua kama ninavyojua mji mkuu wa Zambia.

*

Nikampigia Lugano. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada Gwantwa," akasema, "diski nayo umepiga juu?"

"Nimepiga."

"Mungu wangu. Nakala ya akiba?"

"Ipo ya tangu kiangazi. Imeshaganda."

"Weee, hiyo usimguse nayo. Utamuua shemeji." Nikamsikia anavuta kiti. "Sasa wewe unajisikiaje? Ah, samahani. Swali la kijinga."

"Nipe la kufanya, Lugano."

"La kufanya ni moja, na sijalisema mimi." Akashusha sauti ingawa nilijua yuko peke yake. "Chako si kipo? Kitoe nakala hai, iite lusajo-baba. Mtoto ni yuleyule, msiba ni uleule. Akivaa atalia, atapona, mambo yamekwisha. Nani atajua?"

"Yeye."

"Atajuaje? Yeye analia, wewe unalia."

"Lugano, mtoto alifia mikononi mwake. Mimi nilikuwa Dodoma kwenye mkutano wa ofisi. Uchungu wangu ni wa mtu aliyepigiwa simu. Wake ni wa mtu aliyekuwepo."

Akasema tu, "Pole, dada. Angalia mwenyewe," na akakata.

Nikatoa nakala. Naeleza hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kama ninavyonakili faili la ofisi. Kontena jipya likawaka, jina likakaa vizuri pale, lusajo-baba, utadhani halijawahi kutoka. Kusema uongo kunahitaji ujikaze, na mkavu hana cha kujikaza nacho. Ingekuwa rahisi kabisa. Kusema kweli nako kungekuwa rahisi vilevile, hapo ndipo nilipokwama. Mtu mzima anapima kwa moyo, anaona upande huu unauma zaidi, anakwenda upande ule. Mimi nilikuwa na mizani isiyo na mawe. Nikapima saa nzima na haikulala upande wowote.

Mwishowe nikachukua mwavuli nikaenda kitaluni. Nilitaka tu kujua anangoja nini hasa.

*

Alikuwa anabebesha miche chini ya turubai. Anakata mche, anachonga kikonyo, kile kijiti cha mti mwingine, anakitia kwenye mpasuko, anafunga kwa ukanda wa nailoni. Hakuinua kichwa.

"Mama kakutuma?"

"Hapana. Nimekuja tu."

Hilo halikuwa la kawaida, lakini hakuuliza. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Baba Lusajo, Jumamosi ukirudishiwa, unataka nini?"

Akafikiri. Tulikuwa tunajibiana polepole siku hizo, kila swali tunalitafutia jibu sahihi.

"Ule usiku," akasema. "Naukumbuka wote. Alikuwa anachemka, na akaniambia, baba, nivalishe soksi. Joto lote lile na anataka soksi! Nikamvalisha. Za kijani. Akaniambia asante, baba, akalala. Ndiyo mara ya mwisho alisema kitu." Akamaliza kufunga mche, akauweka kwenye safu. "Nakumbuka hadi uzito wake. Lakini nikikumbuka ni taarifa ya habari, Mama Lusajo. Mtu anasoma na mimi nasikiliza. Nataka nirudishiwe usiku wangu. Uniue ukitaka kuniua, lakini niwe ndani yake. Nimechoka kuwa gogo."

Hapo mizani ikalala, na haikulazwa na moyo. Ilikuwa hesabu tu. Alichokuwa anataka hakikuwa kwenye kontena langu. Hata ningemvisha nakala, angelia kilio cha Dodoma, na usiku wake ungebaki taarifa ya habari mpaka anakufa, tena bila kujua kwa nini.

"Kilio chako nimekifuta," nikasema.

Akachukua mche mwingine. "Kimefutikaje?"

Nikamweleza. Kapu, Ghala, mlango, majina mawili. Akasikiliza huku anachonga.

"Hakirudi?"

"Hakirudi."

"Sawa."

Mvua ikapiga turubai. Akafunga ule mche, akaukagua, akaona kafunga vibaya, akafungua, akafunga tena.

"Ningekuwa mzima," akasema, "nadhani ningekufukuza nyumbani."

"Nadhani."

"Na wewe ungekuwa umepiga magoti hapo kwenye tope."

"Nadhani hivyo."

Tukatazamana kama watu wawili walioambiwa kuna moto mahali na hawaoni moshi. Nikamwambia habari ya nakala, kwamba ipo, kwamba akitaka ni yake, na kwamba ndani yake kuna mama aliyekuwa mbali.

"Nikilia chako," akasema, "nitakuwa nimemlilia kwa niaba. Hapana. Kifute."

"Basi na mimi sirudishi." Nililiwaza palepale, na nililiona la haki. "Tutabaki wote wawili hivihivi. Siwezi kupona peke yangu kwa kosa langu."

Safari hii aliacha kisu.

"Mama Lusajo, wewe una akili za kompyuta, lakini hilo hujalipigia hesabu. Mimi nikiwa mkavu na wewe ukawa mkavu, mtoto amebaki na nani? Bibi yake ni mzee. Siku bibi akiondoka, hakuna mtu duniani atakayeumia kwa ajili ya Lusajo. Atakuwa kama hakuzaliwa." Akaokota kisu chake. "Rudisha. Mmoja wetu lazima awe mzazi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeniambia mche upi uanze kumwagiliwa.

*

Jumamosi ndugu wa Kyela walikuja wote kweli, na wengine ambao hatukuwategemea. Mikeka ikatandikwa sebuleni na kwenye baraza. Mama mkwe nilimweleza jikoni asubuhi, kabla wageni hawajafika, mbele ya sufuria za ndizi.

Yeye hakuwa mkavu. Aliupiga mwiko chini.

"Umekifuta? Kilio cha mwanangu? Nilisema mimi! Nilisema kwenye ile hospitali, kilio hakitiwi kwenye mashine, mkaniona mshamba!" Akanishika mabega akanitikisa, na machozi yake yakawa yananidondokea mikononi. "Hata huoni nilivyo? Hata huoni? Ee Mungu, naongea na ukuta!" Halafu akaniachia, akajifuta kwa khanga, akaketi kwenye kigoda. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Tutawaambia nini watu?"

"Ukweli, mama."

"Na utauweza?"

"Sasa hivi nauweza. Baadaye sijui."

Kwa desturi baba wa marehemu ndiye anayevaa wa kwanza. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe, alifungua kwa sala, akamwashiria Ambakisye asogee. Ambakisye akabaki kwenye mkeka.

"Changu kimepotea, baba," akasema. "Endeleeni na mama yake."

Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, kimepoteaje, kitu cha mwaka mzima? Nikasimama na ukanda mkononi, waya wake umechomekwa kwenye kompyuta, nikawaambia nimekipoteza mimi. Nikawaeleza kwa maneno machache, wazi kabisa, sauti haikupanda wala kushuka. Nilimwona yule shangazi anafunika mdomo. Baba mkubwa akanitazama muda mrefu.

"Na unasimama hapo unatueleza hivyo hivyo tu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Haya. Vaa."

Nikaketi katikati ya mkeka, nikavaa ukanda. Mama mkwe alikuwa ameegemea mlango wa jikoni. Nikaandika amri ya kurudisha, Ghala ikauliza una hakika, na vidole vyangu vikaandika ndiyo kwa mara ya pili wiki ile.

Nilidhani kitaanzia kifuani. Kilianzia mikononi. Mikono ilitaka kumbeba na hayupo, ikanyooka yenyewe mbele ya watu wote, ikashika hewa, na hapo ndipo niliposikia mtu anapiga ukunga na nikashangaa ni nani. Lusajo. Lusajo wangu, kilemba changu alichokuwa akikichezea, kiwi ya viatu aliyopaka kwenye sofa nikamchapa, nikamchapa jamani, na simu ile Dodoma, na gari lisilofika. Niliambiwa kitakuwa kimepungua makali. Kama hiki ndicho kilichopungua, sijui walionusurika na kizima waliishije. Nilianguka ubavu. Nilitaka kufa na nilitaka asiwepo mtu wa kunizuia.

Na kabla sijavuta pumzi kikaja cha pili, ambacho hakikuwa kwenye kontena lolote. Kilikuwa kimekaa siku zile zote kikinisubiri tu nipate pa kukiweka. Usiku wa Ambakisye. Nilikuwa nimeandika ndiyo. Niliulizwa una hakika, nikaandika ndiyo, kisha nikaenda kukaa kwenye ndoo na kumwambia kama namwambia umeme umekatika, naye akasema sawa.

"Nisamehe!" nikapiga kelele. "Baba Lusajo, nisamehe, nimekuua, nimekuua!"

Ndugu walikuwa wanalia sasa, sebule nzima na baraza, kila mtu na chake. Nikasikia mama mkwe amekuja kuniangukia mgongoni, naye analia nami, na kwa mara ya kwanza nikajua kile kitu alichokuwa anatembea nacho kwenye foleni ya mafuta huku mimi namletea maji ya kunywa.

Halafu mkono mwingine ukaja. Ambakisye alikuwa amepiga magoti kando yangu. Alikuwa ananipigapiga bega, sawasawa, bila kukosea, vile mtu anavyomfariji mfiwa asiyemfahamu. Uso wake ulikuwa mkavu na msafi. Alikuwa ananichunguza, anamtazama mama yake, ananirudia, macho yake yanatafuta mahali pa kuingilia na hayapati.

"Mama Lusajo," akasema. "Kinaumaje?"

Nikatikisa kichwa.

"Niambie." Akainama mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wangu. "Taratibu tu. Anza popote."

Nikamshika shati kwa mikono yote miwili, nikavuta pumzi, nikaanza kumweleza.